Meno ya watoto wa Tanga na hesabu ya dunia

Kwenye ramani ya dunia ya meno ya watoto wa miaka 12, Tanzania imo katika kundi la nchi zinazosifiwa. Mtoto wa Kitanzania wa umri huo, kwa wastani, ana chini ya jino moja lililoharibika. Denmark, ambako watoto hutibiwa meno bure, nayo iko chini ya jino moja. Mtu anayesoma takwimu hizo akiwa Geneva anaweza kuamini kwamba mtoto wa Ngamiani, Tanga, na mtoto wa Copenhagen wako katika hali moja. Hawako.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likikusanya takwimu hizi tangu mwaka 1969. Kipimo chenyewe kilibuniwa Marekani mwaka 1938, nacho kinahesabu mambo matatu: meno yaliyotoboka, meno yaliyong'olewa kwa sababu ya kuoza, na meno yaliyozibwa. Yote hujumlishwa, ikapatikana namba moja. Umri wa miaka 12 ulichaguliwa kwa sababu mtoto wa umri huo bado hupatikana shuleni, na meno yake ya ukubwani yamekwisha kuota karibu yote, isipokuwa magego ya mwisho. Lengo la dunia la mwaka 2000 lilikuwa wastani usizidi meno matatu. Kwa Tanzania lengo hilo halikuwa na uzito wowote, maana tulikuwa chini yake tangu mwanzo.

Kosa liko kwenye kujumlisha. Katika nchi kama Denmark, sehemu kubwa ya namba hiyo ni meno yaliyozibwa, yaani meno yaliyopata tiba na yanayotafuna kama kawaida. Kwetu karibu yote ni meno yaliyotoboka na kuachwa vivyo hivyo, hadi maumivu yamfikishe mtoto hospitali kung'olewa. Namba mbili zinazofanana zinabeba maisha mawili yasiyofanana hata kidogo. Mimi nasema namba yetu ndogo imetudhuru, kwa sababu kila bajeti inapopangwa ni rahisi mtu kusema kwamba meno ya watoto si tatizo letu.

Jambo la pili ni umri. Mtoto akifika miaka 12, meno yake ya utotoni karibu yote yamekwisha kung'oka. Jino lililomliza usiku kucha akiwa na miaka minne halimo tena mdomoni, kwa hiyo halimo kwenye hesabu. Ripoti ya WHO ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Kenya, katika uchunguzi wake wa kitaifa wa mwaka 2015, ilikuta tatizo hilo kwa karibu nusu ya watoto wa miaka mitano. Ukivuka mpaka kutoka Horohoro kwenda Lunga Lunga hakuna kinachobadilika: pipi ni zile zile, soda ni zile zile, na chai ya asubuhi inatiwa sukari vile vile.

Na kwetu pwani sukari haisubiri sherehe. Mtoto anakunywa chai ya sukari na kitumbua kabla ya shule, saa nne ananunua ubuyu wa rangi au barafu langoni, mchana anapata juisi ya unga, jioni kashata. Kinachoharibu jino zaidi ni kurudiarudia. Kila sukari inapoingia mdomoni, vijidudu vilivyo kwenye utando wa meno huigeuza kuwa tindikali, na mate huhitaji takriban nusu saa au zaidi kuituliza. Anayedokoa mchana kutwa hayapi mate nafasi hiyo. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai. Soda moja peke yake inaweza kukivuka kiasi hicho.

Ukaguzi wa meno unaoleta takwimu hizi hauna mambo makubwa. Mtoto anakalishwa karibu na dirisha ili mwanga wa jua uingie mdomoni. Mkaguzi ana kioo kidogo cha mpini na kijiti cha chuma chenye kitone cha nusu milimita kwenye ncha. Anataja jino baada ya jino, na mwenzake anaandika: tarakimu kwa jino la ukubwani, herufi kwa jino la utotoni. Watoto wachache hukaguliwa mara ya pili, kuona kama jicho la mkaguzi linatoa jibu lile lile. Fomu za shule nzima zinaweza kujazwa bila umeme. Kwa kazi nyepesi namna hii, kungoja miaka na miaka kati ya uchunguzi mmoja wa kitaifa na mwingine hakuna sababu.

Wapo walioona kasoro ya kipimo hicho cha kujumlisha wakairekebisha. Ufilipino, mwaka 2006, iligundua kwamba asilimia 97 ya watoto wake wa miaka sita walikuwa na meno yaliyooza. Kutokana na hali hiyo kikatengenezwa kipimo kingine, kilichochapishwa mwaka 2010, kinachohesabu kilichofuata baada ya tundu: kiini cha jino kilichofunuka, kidonda, jipu, usaha. Hicho ndicho kipimo kinachofaa Tanga, Pangani na Mkinga, kwa sababu kinahesabu maumivu yenyewe.

Ramani inayoipaka Tanzania nzima rangi moja inaficha hata tofauti za mikoa. Arusha na Kilimanjaro tatizo linalojulikana zaidi ni meno ya kahawia, yanayotokana na floraidi nyingi kwenye maji, na magadi ya kupikia maharage huongeza. Floraidi kidogo, ile ya dawa ya meno, hulinda jino. Ikizidi utotoni hulitia madoa ya kudumu. Huku pwani shida ni sukari na matundu. Kuwapa watoto wa mikoa hiyo yote mpango mmoja ni kupoteza fedha.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ya tatizo hili ilizaliwa hapa hapa nchini. Katika miaka ya 1980 mtafiti Jo Frencken, akifanya kazi Tanzania, alianza kuziba meno bila mashine wala umeme: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tundu linajazwa simenti maalumu inayoshikana na jino na kutoa floraidi. Aghalabu hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, WHO ikaitangaza Siku ya Afya Duniani mwaka 1994, na mwaka 2021 simenti hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu duniani. Mtoto wa Muheza bado anang'olewa.

Uskoti inakagua meno ya watoto wanaoanza shule, na matokeo yakaongoza mpango wa kupiga mswaki chekechea chini ya usimamizi. Mwaka 2003 chini ya nusu ya watoto hao walikuwa hawana jino lililooza. Sasa ni zaidi ya asilimia 70. Hakuna kinachozuia halmashauri zetu kuanza na darasa la kwanza: tabibu wa meno wa wilaya, kioo, daftari, na simenti ya kuziba siku hiyo hiyo.

Mzazi naye asingoje halmashauri. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hulidhani ni la utotoni. Likitoboka husema litang'oka, litakuja lingine. Haliji lingine. Kama una mtoto wa miaka sita au saba, mfungue mdomo leo ulitazame, na likiwa na doa jeusi au kitundu mpeleke hospitali wiki hii, kabla halijaanza kuuma.