Kilo 64 zilienda wapi? Masini ya bilo ikizimika ovyo, tupime kumbukumbu yake mbele ya kumshitaki mtu



Mwisho wa mavuno yaliyopita niliitwa kwenye koperative moja ya wakulima wa mpunga, si mbali na mji wetu wa Kisangani. Sikuitwa kuangalia shamba. Niliitwa kwa sababu ya ugomvi. Baba mmoja alileta kilo 320 za mpunga kwenye depo, lakini masini ya bilo ilionyesha 256. Kilo 64 hazikuonekana, na watu walianza kusema mama sekretere amezikula.

Mama yule alinipokea na macho mekundu. "Agronomu, mimi sikukula hata mbegu moja. Hii masini iko na wazimu. Inazimika, inawaka, inazimika tena." Prezida yeye akasema: "Ni virusi tu. Tununue ingine." Lakini franka za kununua masini mpya zilikuwa zile zile za mbegu za msimu.

Mimi si fundi wa kompyuta, nilisomea kilimo. Lakini huko shuleni tulifundishwa jambo moja: majani ya muhogo yakigeuka manjano, usikimbilie dawa. Inaweza kuwa mozaiki, inaweza kuwa wadudu, inaweza kuwa udongo uliochoka. Pima kwanza. Na kwa masini ni vile vile.

Kumbukumbu ni kitu gani?

Ndani ya kompyuta kuna pahali pawili pa kuweka mambo. Disiki ni kama depo: mpunga unalala humo hata taa ikizimwa. RAM ni kama meza ya mizani: kila kazi ya sasa hivi inapita juu yake, na umeme ukikatika meza inabaki tupu. RAM inakaa juu ya kibao chembamba ambacho mafundi wetu wanaita bareti. Humo mna vichumba vidogo sana, mamilioni na mamilioni, na kila kimoja kinashika umeme kidogo. Umeme huo unavuja, kwa hiyo masini inavijaza tena mara nyingi kila sekunde. Kichumba kimoja kikichoka, 1 inaweza kusomwa 0.

Sasa tuangalie hesabu yetu. Masini inaandika 320 kama 256 na 64 pamoja. Alama ya 64 ikipotea, inabaki 256. Nilipoona hivyo nilishtuka.

Tena si jambo la ajabu. Mwaka 2009, watafiti wa Google na wa chuo kikuu cha Toronto walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya masini za Google: zaidi ya bareti 8 kwa 100 zilikosea angalau mara moja kwa mwaka. Zile masini kubwa ziko na njia ya kujisahihisha. Za bilo zetu, nyingi hazina.

Dalili

- Ikizimika baada ya kazi ndefu, nayo ni moto sana: angalia vumbi na feni.
- Ikizimika jenereta inaporuka: angalia umeme.
- Ikienda pole pole sana na disiki inagonga-gonga: angalia disiki.
- Ikizimika leo kwenye hesabu, kesho kwenye barua, kila mara na ujumbe tofauti, hata baada ya fundi kuweka Windows mpya: hapo mushuku RAM. Pia kama inalia "bip, bip" inapowashwa na hakuna picha.

Namna ya kupima

1. Mulinde hesabu kwanza. Munakili mafaili kwenye kle ya USB nyingine. Musifute nakala ya zamani, kwa sababu masini yenye RAM mbaya inaweza kuharibu faili wakati wa kunakili.

2. Bonyeza alama ya Windows, andika mdsched, kisha ukubali ianze upya. Itapima yenyewe. Iko pia programu ya bure, Memtest86+, inayowaka kutoka kwenye kle. Muiache ifanye kazi usiku mzima kama umeme unaruhusu. Kosa hata moja tu ni baya.

3. Muzime masini, mutoe waya wa umeme, na betri kama inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache. Gusa chuma mbele ya kugusa bareti, kwa sababu umeme wa mwilini unaweza kuiua. Toa bareti, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu pole pole na gomu ya wanafunzi iliyo kavu na safi. Ondoa unga wa gomu na brosi kavu. Usipulize na mdomo, mate yatabaki. Kwetu mvua inanyesha karibu kila mwezi, na unyevu pamoja na vumbi unachafua yale meno. Mara nyingine ugonjwa unaishia hapo.

4. Kama makosa yanaendelea, mufanye kama kwenye shamba la majaribio: mubadilishe kitu kimoja tu kila mara. Bareti ya kwanza peke yake, pima. Ya pili peke yake, kwenye tundu lile lile, pima. Kisha mubadilishe tundu. Kosa likifuata bareti, bareti ndiyo mbaya. Likibaki kwenye tundu, kadi kubwa ya masini ndiyo mgonjwa. Mukinunua ingine, muende na ile ya zamani mkononi: DDR3 haiingii pahali pa DDR4. Na kama bareti haitoki, musilazimishe, mumuite fundi.

Tuliona nini?

Bareti moja ilikosea kwenye matundu yote mawili. Tuliitoa, masini ikaendelea na moja, pole pole kidogo, lakini haikuzimika tena. Mbegu zikanunuliwa.

Na zile kilo 64? Siwezi kuapa kama ni RAM au ni kidole kilichokosea. Lakini mama sekretere alikuwa na kaye ya depo, na humo, kwa mkono wake, pameandikwa 320, pamoja na sahihi ya yule baba. Mwizi haandiki hivyo. Baba alilipwa kilo zake zote, na mama aliombwa msamaha mbele ya mkutano.

Huko Yangambi, watafiti waliandika kwa mkono maua na matunda ya miti ya pori tangu 1937 mpaka 1958, na makaratasi hayo yanasomeka mpaka leo. Basi, ndugu, masini tuitumie, inatusaidia. Lakini kila gunia liingie kwanza kwenye kaye, na aliyelileta atie sahihi. Kila mwisho wa juma, watu wawili walinganishe kaye na masini. Zikipishana, tupime masini mbele ya kumpima mtu.