Tumbo Linalofuata Hedhi

(Muziki wa kipindi, kisha unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea na dada zetu na mama zetu. Baba, na wewe usizime redio.

Dada yangu mkubwa alikuwa anaumwa tumbo kila mwezi. Linajaa gesi, linavimba hadi watu wanadhani ana mimba. Mara choo kinafunga, mara anaharisha. Tulisema ni maharage ya mgao. Tukasema ni amiba, akanywa dawa. Tukasema ni minyoo, akanywa tena. Mwezi uliofuata tumbo likarudi.

Jirani mmoja mwenye nia njema akamletea mizizi ya kuchemsha, apige bomba kwa nyuma ili asafishe tumbo. Aliharisha usiku kucha. Asubuhi tukampeleka zahanati kwa baiskeli. Pale muuguzi akamuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuuliza: "Hedhi yako imeanza lini?" Ilikuwa imeanza jana yake. Na mwezi wa nyuma, vilevile.

(Muziki mfupi.)

Kuna ugonjwa unaitwa endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linasema unawapata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Ndani ya mji wa mimba kuna utando unaotoka na damu kila mwezi. Kwa mwenye ugonjwa huu, nyama inayofanana na utando huo imeota nje ya mji wa mimba, wakati mwingine hata kwenye utumbo. Hedhi ikikaribia, inavimba na kuuma. Na zile kemikali za mwili zinazokaza mji wa mimba hukaza utumbo pia. Ndiyo maana tumbo linavurugika. Si uchawi, wala si ugonjwa wa zinaa.

Sasa, majani yanasaidia nini?

Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na kwa baadhi ya wanawake hupunguza maumivu ya hedhi. Ponda kipande kidogo, chemsha, kunywa siku za mwanzo za hedhi. Majani ya mnanaa hulegeza utumbo, gesi ikatoka. Ukipata kiungulia, acha.

Shubiri usinywe: inakaza tumbo na kukuharisha. Mizizi usiyoijua iache, na usipige bomba. Kama unahisi una mimba, au unatumia dawa nyingine, muulize muuguzi kabla ya kunywa majani yoyote.

Lakini sikiliza vizuri: chai haiondoi ile nyama. Zahanati wanaweza kukupa dawa ya maumivu. Wanaweza pia kukupa vidonge au sindano ya uzazi wa mpango, kwa sababu dawa hizo hupunguza maumivu ya ugonjwa huu. Mume au mama mkwe akiuliza, mwambie ni dawa ya maumivu. Na kama unatafuta mtoto, mwambie muuguzi mapema, apange njia nyingine.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kwa miezi 3, andika siku hedhi inapoanza, siku tumbo linapouma, na choo kilivyokuwa. Asiyejua kuandika aweke alama za mkaa ukutani, mtoto wa shule amnakilie. Peleka karatasi hiyo kwa muuguzi. Itamwambia mengi kuliko neno "naumwa tumbo".

Usisubiri miezi 3 ukiwa na homa, kutapika kusikokoma, damu kwenye choo, au maumivu makali wakati hedhi imechelewa. Nenda siku hiyohiyo.

Dada yangu bado anaumwa miezi mingine. Lakini sasa anazijua siku zake, ana dawa yake, na kikombe cha tangawizi kiko pembeni. Mizizi hatuirudii tena.

Mwambie na jirani.

(Muziki wa kufunga.)