Bima ya Afya: Mzigo wa Nyumba na Wajibu wa Jamaa

Maradhi hayabishi hodi, wala hayangoji mavuno. Katika uwanda wa juu wa Ufipa mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili, na mahindi huingia ghalani baina ya Mei na Julai. Mwenye nyumba huwa na fedha mkononi kwa miezi michache, baada ya kuuza mahindi, maharage, alizeti au ulezi wake. Lakini homa ya mapafu ya mtoto, uzazi wa taabu, au kisukari cha mzee huja wakati wowote. Na mara nyingi huja wakati wa mvua, ghala likiwa limekwisha kupungua. Hapo ndipo mtu huuza ng'ombe wake wa kulimia, au huuza mahindi yangali shambani kwa bei ya kutupa, au huingia katika mkopo wa riba aliyoiharimisha Mwenyezi Mungu. Basi twaona yafaa mwezi huu tuizungumze bima ya afya, sababu za gharama yake kupanda, na namna impasavyo Muislamu kuitazama.

BIMA ILIKOTOKA

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Kwa mchango huo hutibiwa yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Mwalimu wa Sumbawanga au muuguzi wa Laela hauoni mchango huo ukitoka mkononi mwake, kwa kuwa hukatwa kabla hajaupokea mshahara.

Ama mkulima, mshona nguo, mama muuza samaki wa Ziwa Rukwa na kijana wa bodaboda, hao hawana mshahara wa kukatwa. Kwa ajili yao ulijaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii huko Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, na kaya ya watu sita nje ya Dar es Salaam ikatakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa kila mtu. Kwa watoto peke yao ilikuwapo kadi ya Toto Afya ya shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja; mwenye watoto wanne alihitaji shilingi 201,600 kwa mwaka.

Mwaka 2022 Serikali ilipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote, na kiasi kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kikawa shilingi 340,000. Hicho ni zaidi ya mara kumi na moja ya zile 30,000. Wananchi walishtuka, wabunge wakasema, na mswada ukaahirishwa. Sheria yenyewe ilipitishwa mwezi wa Novemba mwaka 2023, na ndani yake kila mkazi wa Tanzania Bara anatakiwa awe na bima.

KWA NINI GHARAMA HUPANDA

Wengine hudhani kwamba gharama hupanda kwa tamaa ya wakubwa tu. Tamaa na ubadhirifu vikionekana, ni haki kuvikemea. Lakini ziko sababu nyingine ambazo sisi wenyewe tumo ndani yake.

Kwanza, maradhi yamebadilika. Shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya figo na saratani hayaponi kwa vidonge vya siku tatu. Mgonjwa wa figo asafishwaye damu mara kadhaa kwa wiki hutumia katika mwaka mmoja michango ya kaya nyingi sana.

Pili, na hili ndilo kubwa, wengi wetu huingia katika bima siku tunapougua. Mzazi ambaye mtoto wake mzima hakati kadi. Huikata mtoto akiambiwa apasuliwe moyo. Hatumlaumu mzazi kwa kumpenda mwanawe, lakini na tuutazame mfuko: ukiingiwa na wagonjwa peke yao, kila atiaye shilingi moja atoa nyingi, na mwisho wake ni kukauka au kupandisha mchango. Mchango ukipanda, wazima huzidi kukimbia, na wagonjwa hubaki peke yao. Hayo ndiyo yaliyoipata Toto Afya, hata mwezi wa Machi mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, na wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha watoto kwa pamoja shuleni.

Tatu, ni udanganyifu. Ndugu humwazima nduguye kadi. Mwenye duka la dawa huandika dawa asizozitoa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha kwamba Mfuko wa Taifa ulikuwa na nakisi ya zaidi ya shilingi bilioni 200 katika mwaka 2021/22, na zaidi ya bilioni 150 katika mwaka uliofuata. Mfuko ulipoweka viwango vipya vya malipo tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilikataa kuwapokea wenye kadi, na aliyeumia katika ugomvi huo ni mgonjwa aliyekwisha kutoa mchango wake.

JE, YAFAA KWA MUISLAMU?

Wako ndugu wanaosema: "Sisi twamtegemea Mungu, bima ni kamari, na kulipia ugonjwa usiokuja ni kuutakia uje." Kauli hii yahitaji jibu la upole.

Kumtegemea Mungu hakuondoi kutafuta sababu. Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wajitibu, na alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Ama hukumu ya bima, wanazuoni wameitafiti sana. Mkutano wa Majmaa ya Utafiti wa Kiislamu uliofanyika Cairo mwaka 1965 ulikubali bima ya kusaidiana na mipango ya Serikali ya hifadhi ya jamii. Majmaa ya Fiqhi iliyokutana Jeddah mwezi wa Desemba mwaka 1985 iliikataa bima ya biashara ya mchango uliokatwa, kwa sababu ya gharari iliyomo, ikaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya kujitolea. Tofauti ni ya nia na ya mkataba: huyu auza hofu ili apate faida, na yule atia chake katika chungu cha wote, akipata mtu msiba atolewe humo.

Na chungu cha wote si kigeni katika dini yetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba watu wa kabila la Ash'ari, chakula kilipowapungukia, walikuwa wakikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Na Mtume aliwasifu kwa sifa kubwa, akajihesabu kuwa ni mmoja wao. Tazameni: hakuna aliyengoja aishiwe kwanza ndipo alete chakula chake. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho, mwenye kingi na mwenye kidogo.

YATUPASAYO

Katika vijiji na mitaa yetu tunachangiana sanda, tunachangiana pilau ya hitima na ya arusi, na hapana aonaye uzito. Ajabu ni kwamba twaharakia kumzika ndugu, na twachelewa kumtibu! Basi twasema haya.

Mwenye nyumba na aifanye bima kuwa hesabu ya mavuno. Siku ya kuuza mahindi, kabla ya kununua bati au simu mpya, na atenge gunia la afya kama atengavyo mbegu. Kabla ya mavuno na aulize katika zahanati au ofisi ya kijiji kiasi cha mchango wa mwaka wake, watu wanaoingia katika kadi, na ngazi ya hospitali inayofikiwa. Nyumba zetu nyingi zina zaidi ya watu sita, pamoja na yatima na wazee. Na ajue mapema nani atabaki nje. Na akumbuke nauli: kutoka Sumbawanga hadi hospitali ya rufaa ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na safari hiyo haimo katika kadi.

Kila msikiti na uwe na daftari la nyumba zisizoweza. Sheria ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake ni kodi za vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Anayeona uzito katika asili ya fedha hizo, na azidishe sadaka yake, ili maskini jirani yake asiwe na mlango huo peke yake. Na zaka yetu ina wenyewe. Mafakiri na maskini ndio wa kwanza kutajwa.

Vijana, ninyi mlio na afya, ninyi ndio nguzo ya mfuko. Msiseme, "Mimi siumwi." Mchango wako mwaka huu ndio dawa ya mama wa jirani, na wa mwanawe mwaka kesho utakuwa dawa yako. Wala msiazimane kadi: huko ni kula mali ya wagonjwa kwa hila.

Na ninyi mlioshika mifuko hii, mmeshika amana. Mtu akitoa mchango wake wote, kisha akaambiwa zahanatini kwamba dawa hakuna, akanunue dukani, mwaka wa pili hatarudi, na jirani zake hawatakuja. Hapana tangazo liwezalo kuvuta watu kama dawa iliyopo kwenye rafu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, abariki mashamba yetu, na atufanye watu waletao walicho nacho katika nguo moja. Amin.