Breki za Gari Kuukuu

Mji wa Bunia uko juu, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Ziwa Albert liko chini sana, kwenye mita 619 hivi. Basi gari likitoka Shari, karibu na Bunia, kwenda Kasenyi ziwani, hupita Bogoro, kisha huteremka mteremko mkali. Kupanda kwahitaji mashine yenye nguvu. Kuteremka kwahitaji breki nzuri, au freni, kama wasemavyo watu wengi wa Bunia. Gari lisiloweza kupanda hubaki njiani. Gari lisiloweza kusimama huua watu.

Breki hufanyaje kazi?

Fikiri gari kuukuu la Volkswagen, lile la wasafiri, lenye kitanda na jiko ndani. Magari ya kwanza ya namna hiyo yalitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950. Ndani ya kila gurudumu mna chuma cha mviringo kiitwacho ngoma. Ndani ya ngoma mna viatu viwili vya breki, vilivyopindika kama mwezi mchanga.

Dereva akikanyaga pedeli, silinda kuu husukuma mafuta ya breki katika bomba nyembamba. Mafuta husukuma viatu, viatu hubana ngoma, na gurudumu husimama. Mfaransa Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623, alieleza sababu yake: ukisukuma maji yaliyofungwa pande zote, nguvu huenea kila upande sawasawa. Lakini mafuta yakivuja, nguvu hupotea. Katika magari yale ya kwanza, tundu moja tu laweza kuondoa breki za magurudumu yote manne.

Dalili za ugonjwa

Dalili ya mvua ni mawingu. Breki nazo huonya kabla ya kufa. Fundi mwenye akili hasemi, “Labda ni hiki.” Husikiliza na kutazama kwanza.

Pedeli ikiwa laini kama sifongo, hewa imeingia katika bomba. Hewa husinyaa ikibanwa, mafuta hayasinyai.

Pedeli ikizama polepole chini ya mguu, mafuta yanavuja, au mipira ya silinda kuu imechakaa.

Gari likivuta upande mmoja, huenda kiatu kimoja kimelowa mafuta.

Sauti ya chuma kusaga chuma ikisikika, viatu vimekwisha.

Gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine, viatu vyake haviachi ngoma.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Mafuta ya kawaida, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za joto. Yakisha kunywa maji huweza kuchemka karibu na nyuzi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto sana. Mafuta yakichemka, mvuke hujaa katika bomba, na pedeli huanguka chini bila kazi. Kwa hiyo mafuta hubadilishwa kila miaka 2.

Namna ya kutengeneza

Kwanza gari huwekwa mahali tambarare, na mawe huzuia magurudumu. Ngoma huondolewa. Vumbi la viatu vya zamani halipulizwi kamwe, kwa maana huenda lina asbesto, nayo huharibu mapafu. Huoshwa kwa maji. Silinda inayovuja hubadilishwa. Viatu hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, ili gari lisivute upande. Kisha hurekebishwa vikae karibu na ngoma bila kuikwamisha.

Mwisho ni kutoa upepo. Fundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Mwenzake hukanyaga pedeli. Fundi hufungua skrubu ndogo, na mafuta yenye mapovu hupita katika mpira mwembamba mpaka ndani ya chupa. Hufunga skrubu kabla mguu haujainuka. Hurudia mpaka mapovu yaishe, huku akiongeza mafuta mapya. Hatumii kamwe mafuta ya mashine, kwa sababu huozesha mipira ya breki.

Sasa gari hujaribiwa polepole mahali tambarare, si mlimani. Na siku ya kuteremka Kasenyi, dereva mwema huingiza gia ndogo juu ya mlima, ili mashine isaidie kulizuia gari, na breki zisichoke.

Kazi hii yote huchukua siku moja au mbili. Abiria hunung’unika kwa kuchelewa, lakini hufika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na usipoziba bomba la breki, pengine utachimba kaburi.

Maswali

1. Kwa nini hewa katika bomba huharibu breki?
2. Taja dalili tatu za breki mbovu.
3. Kwa nini viatu hubadilishwa kulia na kushoto pamoja?
4. Dereva afanye nini kabla ya kuteremka mlima?