Nafuu ya Kodi na Mfuko wa Halmashauri



Serikali inapompunguzia mwananchi kodi, sote hufurahi. Hata hivyo, liko swali ambalo kamati za parokia zinapaswa kuuliza: pengo linalobaki katika mfuko wa halmashauri litazibwa na nani?

Tuchukue mfano wa Tanzania. Mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, iliyowabana zaidi wenye kipato kidogo. Wananchi walipata nafuu, lakini halmashauri zilipoteza chanzo muhimu cha mapato. Ndipo Hazina ikaanza kuzipelekea ruzuku ya fidia.

Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05, ruzuku za sekta ziliwekewa kanuni ya mgawo. Katika ruzuku ya afya, idadi ya watu ilichukua asilimia 70. Asilimia 30 iliyobaki ilizingatia umaskini, vifo vya watoto chini ya miaka mitano na umbali ambao gari la afya husafiri wilayani. Hivyo wilaya za pembezoni nazo zilikumbukwa. Lakini fedha za Hazina huja na maelekezo yake, na zikichelewa, zahanati hukosa dawa.

Kodi ya majengo nayo ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Mzee wa miaka 60 au zaidi husamehewa kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ila msamaha huo hauji wenyewe; huombwa.

Kwa hiyo tunazishauri kamati mambo mawili. Kwanza, wasaidieni wazee wasiojua haki hiyo. Pili, hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu, mkaulize: ruzuku iliyoahidiwa ni kiasi gani, iliyopokelewa ni kiasi gani, na imetumikaje?

Kwa wafadhili wetu tunasema: msaada wenu hujenga darasa, lakini mshahara wa mwalimu hutoka Hazina. Kabla ya kuweka jiwe la msingi, tuhakikishe bajeti ya halmashauri imelitambua darasa hilo. Jengo lisilo na mwalimu halimfundishi mtoto.