Ile "ya" katika "nyekundu ya Kongo"

Ili kutambua kuvu zinazovunja selulosi, wanabiolojia huziotesha katika sahani ya agari iliyochanganywa na selulosi iyeyukayo majini. Baadaye humwagia rangi nyekundu, husubiri dakika 15, kisha husuuza kwa maji ya chumvi. Rangi hushika minyororo mirefu ya selulosi. Pale vimeng'enya vya kuvu vilipoikata, haishiki, na duara hafifu huonekana.

Kwa Kifaransa rangi hiyo ni *rouge Congo*, pasipo "du". Nikitafsiri "nyekundu ya Kongo", a-unganifu hiyo inadai asili isiyo ya kweli: ilitengenezwa Ujerumani, ikaanza kuuzwa mwaka 1885, Mkutano wa Berlin ulipolivumisha jina letu. Kwa hiyo naandika "nyekundu-Kongo", msomaji asidhani imetoka kwetu.