Luva za Rejeta Zikivunjika Tororo, Hasara Iko Wapi?

Shilingi 33,600 za Uganda kwa mwaka. Mwenye gari la umeme hapa Tororo atapoteza kiasi hicho luva za rejeta zikivunjika na kubaki wazi, hata akienda kilomita 15,000 zote kwenye barabara kuu, kwa kasi ya 100 kwa saa. Fremu mpya ya luva kutoka ng'ambo, ikishalipiwa usafiri na kodi, inaweza kupita milioni mbili. Gawanya mwenyewe: ingehitaji miaka zaidi ya 60 kurudisha pesa zake, na gari litakuwa chuma chakavu zamani.

Luva hizi ni vibao vyembamba vya plastiki vilivyopangwa nyuma ya tundu la hewa la bampa, mbele ya rejeta. Kimota kidogo cha volti 12 huvigeuza kwa amri ya kompyuta ya gari. Vikijifunga, upepo huteleza juu ya gari. Vikifunguka, hewa huingia kupoza. Zimo kwenye Tesla Model 3, Hyundai Ioniq 5 na Volkswagen ID.4, ile inayoonekana sana Addis Ababa tangu Ethiopia ilipozuia mwaka 2024 kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli.

Kwenye gari la umeme luva hukaa zimefungwa muda mrefu. Zinawezaje? Linganisha joto. Gari la petroli linalokunywa lita 7 kwa saa moja ya mwendo wa kilomita 100 kwa saa linachoma nishati ya kilowati 63 hivi, na karibu theluthi yake, yaani kilowati 20, lazima itolewe na rejeta. Gari la umeme kwa mwendo huohuo hutumia kilowati 18 jumla, na joto linalopotea kwenye mota na invata ni 2 hivi. Rejeta yake ina kazi nyepesi, isipokuwa nyakati mbili ambazo tutazifikia.

Huku karibu na mpaka wa Kenya luva zina maadui wa kutosha. Malori yanayotoka Malaba kuelekea Kampala hurusha kokoto, na luva ziko chini kabisa, mahali kokoto hugonga kwanza. Halafu kuna viwanda vya saruji. Vumbi la saruji likiingia kwenye vishina vya luva na kukutana na maji ya mvua, huganda baada ya saa chache. Kimota kinasukuma, kibao hakigeuki, na kishina chembamba cha plastiki kinakatika. Ukiosha gari, piga maji sehemu hiyo kabla vumbi halijapata nafasi ya kuganda.

Sasa ile hesabu ya mwanzo. Tororo iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa: takriban kilo 1.03 kwa mita ya ujazo, dhidi ya 1.18 pwani. Nimechukulia kwamba luva wazi huongeza mgawo wa ukinzani wa hewa kwa 0.01, kwenye gari lenye uso wa mbele wa mita 2.2 za mraba. Nguvu ya ziada inayolivuta gari nyuma ni nyutoni 9 hivi. Ukijumlisha upotevu wa mota, unapata uniti 0.28 za umeme kwa kila kilomita 100. Tukichukulia shilingi 800 kwa uniti ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, hizo ni shilingi 224. Safari ya Kampala, kilomita 210 hivi, itakugharimu shilingi 470 zaidi, pesa isiyofikia nusu ya bei ya rolex, ile chapati ya mayai. Betri ya uniti 60 iliyokuwa ikikupeleka kilomita 333 itakupeleka 328. Mjini, kwa kasi ya 50, hasara inashuka hadi robo. Ukiona 0.01 ni ndogo mno, iongeze mara mbili. Mwaka mzima bado hufiki 70,000.

Basi mtu anaweza kusema: achana nazo. Nami ningekubali, kama si feni.

Kompyuta ya gari ikikosa majibu sahihi kutoka kwa kimota cha luva, huwasha taa ya onyo, na katika baadhi ya magari huzungusha feni ya rejeta kwa nguvu ili kujikinga. Tuseme feni inakula wati 400. Kwenye barabara kuu, saa moja kwa kila kilomita 100, hiyo ni uniti 0.4, tayari imeupita upepo wote tuliouhesabu. Mjini au kwenye foleni, kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, kilomita 100 huchukua saa nne: uniti 1.6, shilingi 1,280. Kwa kilomita 15,000 ni 192,000. Kwa hiyo pesa nyingi inakwenda kwenye hofu ya kompyuta, na fundi mwerevu hutibu hofu hiyo kabla ya kuhangaika na vibao.

Luva zikikwama zimefungwa, hesabu inabadilika kabisa, na zile nyakati mbili ndizo zinaamua. Ya kwanza ni kusimama kwenye foleni ya mpaka saa saba mchana, AC ikiwa kazini: kondensa yake iko nyuma ya luva hizohizo, na feni haiwezi kuvuta hewa kupita ukuta. Ya pili ni kuchaji kwa kasi. Umeme wa kilowati 100 ukiingia, hata upotevu wa asilimia 5 tu ni kilowati 5 za joto ndani ya betri, na gari litapunguza kasi ya kuchaji ili lijiokoe. Zifungue siku hiyohiyo, kwa mkono ikibidi, na uzifunge wazi kwa tai za plastiki.

Ukitaka kuzitengeneza vizuri, zima gari, chomoa betri ndogo ya volti 12, na usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Hizo zina volti mia kadhaa. Kama kuna rada nyuma ya bampa, usiisogeze. Ukishaitoa fremu, tafuta maandishi madogo mgongoni mwa plastiki. Yakisomeka PP, gundi ya kawaida haitashika, hata uwe na ya bei gani. Inayeyuka karibu nyuzi 165 na inataka kuchomelewa kwa plastiki ya jamii yake. Yakisomeka PA6, hiyo ni nailoni: huyeyuka karibu 220, na epoksi huishika ukiikwaruza kwanza. Kishina kilichokatika huzaliwa upya kwa spoku ya baiskeli ya milimita 2: ipashe moto, ipenyeze pale kishina kilipokuwa, kata. Baiskeli hazijawahi kuadimika Busia wala Tororo.

Vibao vikiwa vimekwisha kabisa, ving'oe vyote, lakini bakisha mkono unaoviunganisha pamoja na vizuizi vyake viwili. Katika mifumo mingi kimota hupima mwanzo na mwisho wa mwendo wake. Kikivigusa vyote viwili, kompyuta hutulia na feni hupumzika. Kwa joto la Tororo hukosi kitu kingine, maana kufunga luva ili betri ipate joto haraka ni faida ya nchi za theluji.

Kwa kazi yote, pamoja na kushusha na kurudisha bampa, tenga 100,000. Kama ndiyo inayozima ile feni ya mjini, imejilipa ndani ya miezi saba.

Kimota kikifa, hapo spoku haisaidii. Anza kukitafuta kikuukuu kwenye soko la vipuri la Kisekka jijini Kampala, au Kirinyaga Road, Nairobi. Kuagiza kipya ni mlango wa mwisho: chukua fremu ya dola 300 na dola 100 za ndege, kwa 3,600 kwa dola, ni 1,440,000. Ikitozwa ushuru wa asilimia 25 inakuwa 1,800,000, kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwamo. Ni 2,124,000, kabla ya wakala wa forodha kutaja bei yake. Muulize muuzaji kama anauza kimota peke yake.